Sahihi ya Nimekuja, Sahihi ya Nimekubali

Barua ya wazi kwa wahadhiri wa sayansi ya siasa na utawala katika vyuo vikuu vya Tanzania



Mwezi uliopita ofisi yangu ya kata ililetewa dodoso. Lilitoka katika chuo kikuu kimoja nisichokitaja, likapitia halmashauri, likagongwa mhuri wa kupokelewa, likanifikia limekunjwa mara nne katika mfuko wa shati la kijana wa bodaboda. Chuo kinapitia upya mitaala yake na kinaomba maoni ya waajiri. Maswali yalikuwa arobaini na kitu, kila moja na visanduku vitano: nakubali sana, nakubali, sina hakika, sikubali, sikubali kabisa, kwamba mhitimu wa siasa ana stadi za mawasiliano, kwamba anaendana na soko la ajira, kwamba ana mtazamo wa kijasiriamali. Lote kwa Kiingereza. Ukurasa wa mwisho, chini kabisa, palikuwa na swali moja lisilo na kisanduku: kwa maoni yako, lengo la shahada ya sayansi ya siasa liwe lipi? Waliacha mistari mitatu ya nukta nukta.

Visanduku nilivimaliza kwa dakika kumi. Ile mistari mitatu nimeshinda nayo wiki tatu. Dodoso nimelirudisha na mistari ikiwa mitupu, na jibu langu ndilo hili, nalituma kwenu nyote kwa kuwa sidhani ni la chuo kimoja.

Mimi ni mtoto wenu. Nilisoma siasa na utawala miaka mitatu, nikahitimu, nikakaa nyumbani mwaka na nusu. Sokoni watu walikuwa wakimuuliza mama, "Hivi binti yako alisomea nini?" Mama akijibu "Siasa," muulizaji anasema, "Ahaa, basi atagombea." Sikugombea. Mwaka 2007 niliajiriwa mtendaji wa kata katika wilaya moja ya Nyanda za Juu Kusini, na kazi hiyo ninayo mpaka leo, ingawa kata nimebadilishiwa mara tatu. Jina langu nimelihifadhi kwa sababu ambazo ni nyinyi mlionifundisha.

Mwaka wangu wa pili kazini alikuja mwekezaji wa miti. Alitaka ardhi katika vijiji viwili vya kata yangu. Sheria mnaijua: kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji haina ubavu wa kugawa ardhi bila ridhaa ya mkutano mkuu, yaani wakazi wote wa kijiji wenye umri wa miaka 18 na kuendelea. Na ardhi ikishahamishwa kutoka ya kijiji kwenda ya jumla, hata mwekezaji akifilisika akaondoka, hairudi kijijini yenyewe. Kwa hiyo alasiri moja ya mkutano mkuu chini ya mwembe ina uzito kuliko kura nyingi ambazo wanakijiji watapiga maisha yao yote.

Katika kijiji cha kwanza mkutano uliitishwa saa nne, ukaanza saa saba. Kabla ajenda hazijasomwa, mtendaji wa kijiji akaanza kupitisha daftari, lile kubwa la jalada gumu, kila mtu aandike jina na kutia sahihi, na asiyejua kuandika achovye kidole gumba kwenye wino. Daftari likazunguka vizuri tu mpaka likafika kwa bibi mmoja aliyeketi pembeni juu ya kanga yake. Hapo likasimama. Bibi akaligeuza huku na huku kama mtu anayekagua mbegu dukani, kisha akaniita mimi, wala si mtendaji wa kijiji.

"Mwanangu, hii sahihi ni ya nimekuja au ni ya nimekubali?"

Nikamjibu, "Bibi, ni utaratibu tu."

Walimu wangu, nilipokuwa mwaka wa pili niliwaandikia insha juu ya John Locke. Mwishoni mwa karne ya 17 Locke alikuwa na tatizo. Alikwisha kusema kwamba serikali halali ni ile iliyoridhiwa na watu, na kila mtu aliona kwamba watu wengi hawajawahi kuulizwa jambo lolote. Sasa wameridhia lini? Locke akajibu kwamba ipo ridhaa ya kimya: mwenye kumiliki ardhi ndani ya mipaka ya serikali ameridhia, aliyepanga kwa wiki moja ameridhia, hata mpita njia barabarani ameridhia. Ukiwapo, umekubali. Mwaka 1748 David Hume akamjibu kwamba hiyo ni sawa na kumbeba mtu usingizini, ukampandisha melini, kisha ukasema ameyakubali mamlaka ya nahodha kwa sababu hajajirusha baharini. Niliyaeleza yote hayo kwa kurasa nane za Kiingereza safi. Mlinipa A.

Na bibi yule aliniuliza swali la Hume, kwa sentensi moja, wino ukiwa bado mbichi kwenye vidole vya jirani yake, na mimi mwenye A sikulitambua.

Yeye hakuningoja. Alisema, "Basi andikeni hapo juu: waliohudhuria. Ndipo nitatia kidole." Mtendaji wa kijiji akanitazama, nikamwambia aandike tu, maana sikuona tofauti. Ajenda zikasomwa. Watu wakabishana mpaka jua likaelekea milimani, na mkutano ukaahirishwa bila uamuzi.

Wiki mbili baadaye tulikuwa kijiji cha pili. Daftari likapita, hakuna aliyeuliza. Nami niliyekwisha kulisikia swali sikuuliza. Ofisa alieleza faida za mradi, watu wakauliza habari za zahanati na barabara, mvua ikaanza, kila mtu akakimbilia kwake. Muhtasari ulipofika mezani kwangu, orodha ya mahudhurio ilikuwa imebanwa nyuma yake kwa pini, na juu yake pamepigwa chapa: Orodha ya wananchi walioridhia. Niliusoma wote. Nikaandika barua ya kuupeleka wilayani, nikagonga mhuri. Hakuna aliyewahi kuniuliza juu ya mhuri ule mpaka leo.

Sasa mkinitaka niseme lengo la kusoma siasa chuo kikuu ni lipi, nitasema ni kumwezesha mtu kulitambua swali la siasa pale linapotokea, kwa sura na lugha linalojia nayo, na kuwa na maneno ya kulijibu mbele ya aliyeliuliza. Mengine yote yaje baadaye.

Najua yamewahi kuandikwa malengo makubwa kuliko hilo. Chuo chetu cha kwanza, cha Dar es Salaam, kilianzia katika jengo la chama cha TANU, Mtaa wa Lumumba, Oktoba 1961, kikiwa na kitivo kimoja cha sheria na wanafunzi wasiofika ishirini. Miaka mitano baadaye, tarehe 22 Oktoba 1966, wanafunzi waliandamana mpaka Ikulu kupinga masharti ya kulitumikia Jeshi la Kujenga Taifa, na miongoni mwa mabango yao limo lililosema ukoloni ulikuwa afadhali. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, kisha akawarudisha makwao wanafunzi karibu 400. Februari 1967 likaja Azimio la Arusha, na mwezi uliofuata ukaitishwa mkutano wa kujadili chuo hicho kifanye kazi gani katika nchi ya kijamaa. Tangu hapo lengo likawa halina mafumbo: siasa isomwe ili nchi ipate makada. Masomo ya Maendeleo yakawa ya lazima kwa kila mwanafunzi, hata wa uhandisi. Azimio la Musoma la mwaka 1974 likaongeza kwamba aliyemaliza kidato cha sita afanye kazi kwanza, na kwamba chama kiwe na kauli juu ya nani anafaa kuingia chuoni.

Shida ya kuzalisha makada kwa vitabu ni kwamba huwezi kumpa kijana Marx ukamwambia aishie ukurasa wa hamsini. Wanafunzi wa kikundi cha USARF cha chuoni hapo walianzisha jarida la Cheche mwaka 1969. Mwaka 1970 Issa Shivji, kijana wa sheria, aliandika humo kwamba tabaka jipya linajijenga ndani ya dola yenyewe ya kijamaa, na kabla mwaka haujaisha jarida na kikundi chake vyote vilikuwa vimepigwa marufuku. Waliambiwa wachambue matabaka. Wakachambua, wakakuta tabaka limekaa ofisi ya jirani.

Mwenyekiti wa awali wa kikundi hichohicho alikuwa Yoweri Museveni, mwanafunzi wa siasa na uchumi, aliyekwenda mpaka maeneo yaliyokombolewa na FRELIMO na kuandika juu ya nadharia ya Fanon kuhusu mapambano ya silaha. Alihitimu mwaka 1970, akashika madaraka Uganda Januari 1986. Ukomo wa mihula ya urais uliondolewa katika katiba ya nchi yake mwaka 2005, ukomo wa umri mwaka 2017. Simtaji ili nimcheke. Namtaja kwa sababu mtaala unaojinadi kwamba utatoa viongozi hauna namna ya kusahihisha mtihani unaofanywa miaka thelathini baada ya mahafali.

Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, makada hawakuhitajika tena kwa jina hilo. Wakaja wafadhili, miradi, warsha na posho za warsha, na lengo jipya likaingia bila azimio lolote: mhitimu aajirike. Sasa vyuo vya umma vinapitia mitaala chini ya mradi wa Elimu ya Juu kwa Mageuzi ya Kiuchumi, kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425, na nadhani dodoso langu ni tone la mvua hiyo. Sitalidharau lengo hili. Mama yangu aliuza ng'ombe ili nisome. Vijana wa leo wakipata kazi Bodi ya Mikopo inakata asilimia 15 ya mshahara, na wasipopata deni linawangoja. Atakayewaambia wasifikirie ajira ni mtu aliyekwisha kuajiriwa. Ila ajira ni jambo analolitaka mwanafunzi wa kilimo, wa uhasibu na wa upishi wa hotelini pia. Haliwezi kutueleza kwa nini huyu wa kwenu asome siasa badala ya upishi, ambao kusema kweli una soko zuri zaidi.

Nirudi kwenye swali la bibi, maana nimeligundua mahali ambapo sikulitarajia. Mwaka 1991 Tume ya Jaji Nyalali ilizunguka nchi nzima kuuliza watu wanataka chama kimoja au vingi. Takriban asilimia 80 walisema kimoja. Tume ikapendekeza vingi, na nchi ikafuata. Chuoni tulifundishwa habari hiyo kama tarehe: 1991 tume, 1992 sheria ya vyama, 1995 uchaguzi. Hakuna aliyetusimamisha akatuuliza zile asilimia 80 zilikuwa za nini. Ni za kukipenda chama, ni za kuogopa yaliyotokea kwa majirani, au ni za kumjibu mgeni aliyeshuka kwenye gari la serikali kile ulichodhani anataka kusikia? Wengi waliosema kimoja waliomba kirekebishwe, na ombi hilo nalo ni kura ya aina yake. Je, tume iliyopindua hesabu iliwasikiliza watu zaidi au kidogo kuliko tume ambayo ingezihesabu tu? Hapo pana kazi ya muhula mzima, na haihitaji kitabu kutoka ng'ambo.

Msinielewe vibaya, sidai vitabu vya ng'ambo vichomwe. Bila Locke na Hume nisingejua hata leo ni kitu gani kilinipita siku ile. Ninachosema ni kwamba vitabu hivyo mnavifundisha vikiwa mbali na watu ambao wangevijibu. Nitawapa mfano. Goran Hyden alifundisha Dar es Salaam, na mwaka 1980 akatoa kitabu juu ya Ujamaa ambamo anadai kwamba mkulima wa Tanzania alikuwa hajanaswa na dola wala soko, ana njia zake za kuteleza. Niliipenda hoja hiyo sana. Nilipofika kazini nikamsimulia mzee mmoja, balozi wa zamani wa nyumba kumi, aliyehamishwa katika Operesheni Vijiji. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi nilipakiwa kwenye lori pamoja na kuku wangu," akasema. "Huyo mwandishi wako, kunaswa anakuitaje?"

Nikaona aibu, nikajua Hyden amekwisha. Mzee akanyamaza kidogo, akacheka peke yake, akaongeza kwamba kwa misimu mitatu alikuwa akirudi usiku kwa miguu kupalilia shamba lake la zamani, na mtendaji wa wakati ule alijua, kwa kuwa naye alikuwa na la kwake. Hyden akafufuka. Katika nusu saa ile nilielewa kitabu kile kuliko nilivyokielewa katika semina zote, na nilikielewa kwa sababu kilikuwa kinabishaniwa na mtu mwenye ushahidi. Mzee naye aliniuliza kama mwandishi huyo yu hai, ili amwandikie. Ningemwambiaje kwamba barua itabidi itafsiriwe, na kitabu chenyewe hawezi kukisoma?

Ndiyo, nimefika kwenye lugha, na najua baadhi yenu mmeanza kuguna. Mtasema Kiswahili hakina istilahi. Mwaka 2013 Tume ya Jaji Warioba ilitoa rasimu ya katiba kwa Kiswahili, ikapendekeza serikali tatu, na nchi nzima ikabishana juu ya muundo wa Muungano, mamlaka ya rais, haki za washirika na ukomo wa ubunge, katika mabaraza, vilingeni na ndani ya daladala, hadi Bunge Maalumu la mwaka 2014 lilipogawanyika. Sijasikia mtu aliyekosa neno. Semina kubwa kabisa ya sayansi ya siasa iliyopata kufanyika nchini ilifanyika kwa Kiswahili, na wanafunzi wenu walikwenda kuiandikia tasnifu kwa Kiingereza. Mahakama, iliyokuwa na visingizio vingi kuliko nyinyi, ilibadilishiwa sheria mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha yake.

Tena istilahi zetu zina mambo ndani yake ambayo tafsiri huyamwaga. Chukueni takrima. Mwaka 2000 Bunge lilibadili sheria ya uchaguzi, likaruhusu mgombea kuwakirimu wapiga kura kwa nia njema. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ikasema kifungu hicho ni kinyume cha katiba. Ukiita jambo hilo rushwa ya uchaguzi, umelimaliza kabla hujaanza. Ukiliacha na jina lake, inabidi ueleze namna desturi njema kabisa ya mgeni na mwenyeji ilivyotumika kufunika mnunuzi na muuzaji, na kwa nini Bunge zima liliona aibu ya neno moja lakini si ya lingine. Au mwambieni mwanafunzi achunguze ni lini "ndugu" mbunge aligeuka "mheshimiwa", na nani alipungukiwa nini siku ile. Au "chawa", neno ambalo vijana wamelibuni juzi na ambalo linaeleza uhusiano wa mtawala na msifiaji wake vizuri kuliko makala nyingi nilizolazimishwa kusoma: nani anamnyonya nani, na kwa nini mwenye kichwa hajikuni. Hata neno siasa lenyewe, kamusi bado zinaliwekea maana ya upole na utaratibu. Kufanya jambo kwa siasa ni kulifanya bila pupa. Kuna mhadhara mzima hapo juu ya tulivyotoka kwenye maana ile mpaka kufika mahali ambapo mtu akikwambia "acha siasa" anamaanisha acha kudanganya.

Mnawaleta kwangu wanafunzi wa fildi. Nimewapokea kumi na mmoja hadi sasa. Huja na kitabu cha kumbukumbu za kila siku ambacho mimi nakisaini, hukaa wiki nane, huandika barua za utambulisho, hugonga mihuri, wengine hunifundisha simu. Wengi ni watoto wazuri na sina la kuwalaumu. Mmoja tu ndiye nitakayemsimulia.

Kijana huyu alikosa chumba karibu na ofisi, akapanga kijiji kimoja cha kata yangu ya sasa, kwa mama mmoja mjane. Kila asubuhi anatembea saa nzima. Wiki ya tano, kazi ikiwa hamna, nilimpa faili la mihtasari ya kijiji kile apange karatasi kwa tarehe. Alipanga. Kisha akakaa nalo siku mbili zaidi, nikadhani amelala. Siku ya tatu akaniletea karatasi tatu za mahudhurio za mikutano mitatu ya robo mwaka, akaziweka mezani sambamba. Majina yaleyale, kwa mpangilio uleule, kuanzia la kwanza mpaka la sitini na kitu. Watu sitini hawawezi kufika mkutanoni mara tatu kwa foleni ileile. Kisha akaniwekea kidole kwenye jina mojawapo la karatasi ya tatu.

"Mama, huyu ndiye baba mwenye nyumba ninayolala. Alizikwa mwezi mmoja kabla ya mkutano huu."

Safari hii mhuri ulibaki kwenye droo. Mihtasari ile niliirudisha kijijini na barua, mkutano ukaitishwa upya, na taarifa ya mapato na matumizi iliyokuwa imepitishwa na marehemu ikasomwa mbele ya walio hai. Yaliyofuata yalikuwa na kelele na hayakunifanya nipendwe.

Kijana aliyaandika yote katika ripoti yake ya fildi. Alinipigia simu baada ya miezi miwili, sauti imepooza. Mwalimu wake, simjui na sitaki kujua jina lake, alikuwa ameweka mstari mwekundu kando ya kurasa hizo nne na kuandika kwamba haziendani na malengo ya mafunzo kwa vitendo. Malengo yaliyoorodheshwa yalikuwa kufahamu muundo wa ofisi, kujenga stadi za mawasiliano na kujifunza maadili ya kazi. Alipata C.

Ndiyo maana ile mistari mitatu ilinishinda. Neno "lengo" nilikuwa nimekwisha kuliona likifanya kazi.

Ninachoomba si kikubwa. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho apewe kijiji kimoja, au mtaa mmoja kama ni wa mjini, na mihtasari ya mwaka mmoja. Aisome kama mlivyonifundisha kumsoma Locke: nani anasema, kwa niaba ya nani, nini kimeachwa, akidi ilitimia au iliandikwa tu kwamba imetimia, wanawake wa halmashauri ya kijiji wanasema nini na sauti zao zinaishia mstari wa ngapi. Aandike kurasa zisizozidi kumi, kwa Kiswahili. Kisha asimame kwenye mkutano mkuu wa kijiji hichohicho, asome alichoandika, aulizwe. Hume na Hyden waje naye, nafasi ipo. Sidai bibi apewe kalamu ya kusahihishia. Nadai tu kwamba mhadhiri mmoja awepo akisikiliza maswali, maana hapo ndipo atajua amefundisha nini.

Mtaniambia wanafunzi ni mia nne darasani na wahadhiri hawatoshi. Kweli. Mtaniambia nauli hamna. Hiyo nayo kweli, ingawa nimeona magari mengi mapya yakija kukusanya madodoso. Mtaniambia pia kwamba kijana akisoma daftari la kijiji mbele ya kijiji anaweza kujipatia maadui, na mtendaji wa kata anayempokea vilevile. Hilo sina jibu lake, zaidi ya kusema kwamba mnafundisha siasa.

Sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji kila miezi mitatu. Katika kata yangu ya sasa robo hii tuna mitano, wa kwanza Jumanne ya wiki ya pili ya mwezi ujao. Umeitishwa saa nne, kwa hiyo mwanafunzi wenu aje saa sita. Ajenda ya tatu ni mapato na matumizi, ya nne ni mpaka wa malisho, ambayo itachukua muda wote wa ya tatu kama hatujawa makini. Basi kutoka wilayani linapita mara moja tu asubuhi, na pa kulala nimekwisha kumwomba yule mama mjane. Mwambieni mwanafunzi aje na kalamu yake. Ya kwetu imefungwa kwa uzi kwenye daftari la mahudhurio.

Wenu,
Mtendaji wa Kata
Nyanda za Juu Kusini